Sauti ya Kituo cha 207

Saa saba mchana, mwezi wa Julai, hakuna kiumbe mwenye akili timamu anayetoa sauti katika jangwa la Qatar. Ndege wamejibanza kwenye vivuli vya migunga, mijusi wamejichimbia mchangani, hata ngamia wamenyamaza. Gakii alilijua hilo vizuri kwa sababu alilipwa ili alijue. Ndiyo maana siku aliposikia kitu kikipumua karibu na maikrofoni ya kituo cha 207, saa saba na dakika kumi na mbili mchana, aliirudisha rekodi nyuma akaisikiliza tena, kisha akaisikiliza mara ya tatu.

Haikuwa pumzi ya ngamia. Ilikuwa pumzi ndogo ya puani, kama ya mtoto aliyelala na mafua. Mwishoni kulikuwa na mvumo mfupi wa mdomo uliofungwa, mithili ya mtu anayeanza kuimba halafu akasahau wimbo. Kipima upepo cha kituo kilisoma sifuri. Kamera ilionyesha mchanga mtupu na mlingoti wenyewe, basi.

Gakii alikuwa mmoja wa wasikilizaji watano waliokaa ghorofa ya nne, ya juu kabisa, ya jengo moja huko Lusail, katika chumba chenye kiyoyozi kikali kiasi kwamba walivaa masweta wakati nje watu wanapikika. Mradi wao ulikuwa na vituo mia nne na kumi na viwili, kuanzia mikoko ya kaskazini hadi matuta ya mchanga kusini, kila kimoja kisanduku juu ya mlingoti chenye maikrofoni, kamera, kipima joto, kipima upepo na paneli ya sola. Vituo vilinasa sauti siku nzima na kuzituma Lusail kila baada ya saa sita. Kompyuta ilizichambua: huyu ni ndege fulani, hili ni lori, huu ni upepo. Wasikilizaji walikagua kazi ya kompyuta. Watafiti waliandika ripoti na kupigwa picha kwenye makongamano, na masikio yaliyofanya kazi yenyewe hakuna aliyeyataja.

Kulikuwa na sheria moja ya kazi. Sauti isiyojulikana ikijirudia mara thelathini, msikilizaji aliyeigundua sharti aipe jina la muda, ili kompyuta iweze kuitafuta katika vituo vyote mpaka wataalamu watakapoamua ni nini. Na kulikuwa na mzaha mmoja wa chumba, ulioanza kabla Gakii hajafika, wa kuzipa sauti hizo majina ya watu wa nyumbani. Rodney, mwanamume wa makamo kutoka Nakuru aliyesimamia kompyuta zao, alikuwa ameita pampu moja ya maji inayokoroma Arnold, kwa heshima ya mjomba wake. Ndege mmoja mkali asiyejulikana aliitwa Edith, mwalimu wa hesabu wa mtu fulani. Walicheka sana kwa majina hayo, na kazi ile ilihitaji kicheko.

Pumzi ya kituo cha 207 ilirudi kila siku saa ileile. Ilipotimiza mara thelathini, kompyuta ilimfungulia Gakii kisanduku cheupe kikingoja jina.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka sita, aliyemwacha kwa mama yake karibu na Maua, kwenye kijiji kinachopakana na msitu wa Nyambene. Miaka miwili alikuwa hajamgusa. Alimwona kwenye simu kila jioni, meno yakimtoka na mengine yakiota, na kila alipokata simu moyo ulimuuma waziwazi, si kidogo. Mtoto huyo akilala alipumua hivyohivyo, kwa pua iliyoziba. Gakii akaandika *Stacy*. Akacheka peke yake, akafuta macho, akaendelea na rekodi nyingine.

Kesho yake kompyuta ilimpata Stacy katika vituo vitatu. Baada ya wiki, kumi na tisa.

Kila sauti iliyotambuliwa ilitiwa nukta nyekundu kwenye ramani kubwa ya ukutani. Gakii alianza kuzitazama nukta hizo jinsi mtu anavyotazama siafu sakafuni, kwanza bila kujali, halafu akihesabu. Zilikuwa zikitembea. Zilitoka kusini-magharibi zikaja upande wa mji, vituo vitatu vinne kwa siku, sikuzote saa saba mchana, jua likiwa utosini. Kila kituo kilichopitiwa, kamera yake ilibadilika. Haikuonyesha kitu cha kuogofya, ila ilikuwa imegeuka. Mafundi wa jangwani walikwenda kukagua wakakuta kamera zote zimekazwa kwa skrubu zilezile zilizoshika kutu, hazijaguswa, na zote zinatazama Lusail.

Na sauti nayo ilikuwa ikikua. Mvumo ukawa wimbo, tena wimbo ambao Gakii mwenyewe alikuwa akimwimbia Stacy alipomsuka. Kisha kikaja kicheko. Siku ya arobaini na moja, katika kituo kilicho nyuma ya maghala ya Al Rayyan, ile sauti ikasema neno. Gakii alivua hedifoni, akainuka, akamwendea Rodney na kumvuta kwa mkono wa sweta hadi mezani kwake.

Rodney alisikiliza mara moja tu.

"Huyo si ni mtoi wako?" akauliza kwa sauti ya chini. "Si ndiye huongea na wewe kwa simu hapa?"

"Ni sauti yake. Lakini Stacy hajawahi kutoka Meru."

"Amesema Mama."

"Nimeskia, Rodney."

Jioni hiyo alipopiga simu nyumbani, mama yake alimwambia kwamba mtoto amekaukiwa sauti. Wamempa asali, wamempeleka zahanati, daktari hakuona kidonda. Alikuwa haumwi, hakuwa na homa, ila kila siku sauti ilikuwa inapungua, na siku hizi ukimwita jina hageuki haraka, kana kwamba anayeitwa ni mtoto wa jirani. Stacy alishika simu akafungua mdomo, na Gakii hakusikia chochote ila hewa. Hapo ndipo alipoelewa. Kile kitu kilikuwa kinamtoa mwanawe kidogo kidogo kupitia jina alilokipa, na aliyekipa ni yeye mama mtu, kwa mzaha, akiwa kazini.

Phyllis, nesi aliyeishi naye chumba kimoja Al Thumama, alimwombea akiwa amemwekea mikono kichwani mpaka jasho likamtoka. Kesho yake nukta nyekundu ilikuwa imefika ofisini, Lusail.

Kituo namba moja kilikuwa juu ya paa la jengo lao wenyewe, kikipima vumbi la mjini. Saa saba wenzake wakashuka kula. Gakii alibaki kuitazama ile nukta, na alikuwa amekaa hivyo, mikono juu ya meza, kiyoyozi kikivuma, aliposikia nyayo ndogo juu ya dari, nyayo za mtoto asiye na viatu anayekimbia kwenye bati la moto, zikitoka upande wa madirisha kuja upande wake, zikisimama, zikirudi, zikija tena, na pamoja nazo ikashuka kupitia matundu ya kiyoyozi harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi, mwanzo nyepesi, kisha nzito hata macho yakamwasha, na hedifoni tano zilizokuwa zimelala juu ya meza tano, ambazo hakuna hata moja iliyokuwa imewashwa, zikaanza kupumua kwa pamoja, polepole, kwa pua iliyoziba, na yeye, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amesali usiku na mchana aisikie pumzi ile karibu yake, akajiziba masikio na kulia kwa hofu ya sauti ya mwanawe mwenyewe.

Ijumaa baada ya alasiri Rodney alimpeleka Muaither, kwa Ustadh Shee. Huyu alikuwa mwenyeji wa Lamu, dereva wa basi la shule, mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe ambaye Waislamu wa Afrika Mashariki walimwendea walipozidiwa. Aliishi chumba kimoja nyuma ya duka la matairi. Hakushangaa kuona msalaba shingoni mwa Gakii. Aliwapa chai, akamwachia aseme yote mpaka mwisho, na alipouliza, aliuliza mambo ya mitambo kuliko mambo ya roho.

"Alikuwa hana jina?"

"Hakuwa nalo, Ustadh. Ilikuwa tu sauti."

"Ndiyo. Wako wengi huko jangwani, hawana majina, hawana haja na mtu. Wapita tu. Sasa nyinyi mkampa jina la mwana wa watu." Akapiga funda la chai. "Hiyo mitambo yenu yamtafuta mara ngapi kwa siku?"

Gakii alipiga hesabu kichwani. Vituo mia nne na zaidi, kila kimoja kikiulizwa kila dakika kama Stacy yupo.

"Zaidi ya laki tano," akasema.

Ustadh aliweka kikombe chini. "Basi mwamsomea uradi, mwanangu. Mimi nikisoma jina mara elfu natoka jasho. Nyinyi mwamsomea laki tano bila kulala. Ataachaje kuja?"

Dawa yake ilikuwa nyepesi kusema. Jina lifutwe, naye asome wakati linafutwa, saa ileile anayokuja. Lifutwe kila mahali linapoitwa, pasibaki hata mahali pamoja, kwa sababu akifukuzwa hapa atakwenda anakoitwa bado. Rodney alisema vituo vyote vinaamriwa na kompyuta moja na funguo anazo yeye. Kufuta jina bila kibali cha wataalamu kungeweza kumrudisha Kenya kwa ndege ya kesho yake, lakini hilo hakulisema.

Walingoja Jumamosi, ofisi ikiwa tupu. Ustadh Shee aliketi sakafuni, mgongo ukielekea ramani, na chupa ya maji mbele yake. Saa saba kamili harufu ya kuungua iliingia. Alianza kusoma kwa sauti tulivu, na kadiri alivyosoma ndivyo dari ilivyojaa nyayo, si za mtoto mmoja tena, na taa zikafifia, na maji ndani ya chupa yakaanza kutetemeka ingawa sakafu ilikuwa imetulia, na Rodney, akitokwa jasho katika chumba kile cha baridi, akafika mahali kompyuta inapouliza kama una hakika unataka kulifuta jina hili, akainua kidole, na hapo hedifoni zote tano zikalia kwa sauti ya msichana wa miaka sita.

"Mama, usinifute. Mama, nimefanya nini?"

Kidole cha Rodney kiliganda. "Siwezi," akanong'ona. "Gakii, siwezi."

Gakii alimsogeza kwa bega akabonyeza mwenyewe. Kilio kilikatika katikati ya neno. Harufu ikaondoka, taa zikarudi, na nukta zote nyekundu zikatoweka ukutani. Ustadh alimwambia anywe maji na asiongee mpaka jua litue, naye akanywa, akijiona kama aliyemnyonga mtu na kumwokoa mtu kwa mkono uleule.

Siku ya tatu, mtandao wa kijijini uliporudi, mama yake alipiga simu akicheka na kulia. Stacy alikuwa amepona. Alikwenda kucheza kando ya msitu ile Jumamosi mchana, bubu kama jiwe, wakamtafuta kote kwenye miraa, na jioni akarudi mwenyewe akiimba. Sauti ilikuwa imerudi yote. Gakii aliongea naye kwa saa nzima, na kwa siku tisa alikuwa mtu mwenye furaha. Alimpelekea Ustadh Shee kilo mbili za tende na kitambaa cha kanzu, akamnunulia Stacy viatu vyenye taa.

Siku ya kumi Rodney alimwita mezani kwake, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

Kila mwanzo wa mwezi, akamweleza, kompyuta hutuma nakala ya majina yake yote kwa miradi rafiki ya nchi nyingine. Hutuma yenyewe, bila kuulizwa, na yeye alikuwa amesahau kwa sababu miaka minne hakuna aliyewahi kuuliza. Jina la Stacy lilikuwa limeondoka nayo tarehe mosi. Nchini Kenya kulikuwa na mradi mmoja tu uliolipokea, wenye vituo sita, vyote katika msitu wa Nyambene. Rekodi zao huja Lusail kukaguliwa, na sasa zilikuwa zimefika.

"Usiskize peke yako," akasema.

Walisikiliza pamoja, kila mmoja na sikio moja. Ilikuwa ile Jumamosi. Kwa saa ya Nyambene, ambayo ni sawa na saa ya Doha, ilikuwa saa saba na dakika ishirini na sita. Msitu ulikuwa umejaa nyenje na ndege, kisha vyote vikazima kwa mara moja. Majani yakakanyagwa. Kulikuwa na pumzi mbili, zote za pua iliyoziba.

"Wewe ni nani?" Sauti hii ilikuwa ya kukwaruza, imechoka, karibu haipo.

"Mimi ni Stacy," ikajibu ya pili, nzima na safi.

"Hapana. Stacy ni mimi."

"Mama alinipa mimi."

Zikafuata nyayo za mtu mmoja zikishuka kuelekea vijijini, pamoja na wimbo. Zilipotokomea, ile sauti ya kukwaruza ilianza kumwita Shosho. Ilimwita bibi yake mpaka rekodi ikaisha, na katika rekodi iliyofuata ilikuwa bado inamwita. Kwenye sauti iliyoshuka kompyuta ilikuwa imeandika *Stacy*, hakika kwa asilimia tisini na tisa. Kwenye ile nyingine haikuandika kitu.

Gakii aliondoka Doha usiku huohuo kwa ruhusa ya dharura. Mtoto alimkimbilia mlangoni, akamkumbatia kiunoni, na Gakii alipoinama kumbusu nywele akakutana na harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi. Wote walikuwa wakitazama, mama yake akipangusa machozi ya furaha. Alijaribu kumweleza mama yake kando, jikoni, kwa kunong'ona. Mama yake alimsikiliza kwa huruma, halafu akamwambia kwamba ugenini kumemchosha, alale, mtoto mwenyewe huyo yuko salama, anakula vizuri na shuleni amekuwa wa kwanza. Usiku kile kitu kilitaka kulala naye. Kililala macho wazi, kikimshika kidole.

Kaka yake na askari wawili wa msitu walimsindikiza hadi kwenye kituo kilichonasa ile rekodi, kwa sababu hakuacha kuwasumbua. Kisanduku kilikuwa kimefungwa kwenye mti mkubwa, kijani, cha kawaida kabisa. Alizunguka pale tangu asubuhi mpaka wanaume wakachoka kumhurumia. Aliita mpaka koo likatoa damu. Hakuna kilichomjibu, na hapakuwa na alama ya mguu wala uzi wa nguo. Kaka yake alimshika mabega akamrudisha nyumbani, na baada ya wiki moja ya kukaa meza moja na kile kitu, kikimwita Mama na kumuuliza kwa nini hali chakula, alirudi Doha kabla ruhusa haijaisha.

Ustadh Shee alimsikiliza tena hadi mwisho. Alisema anaweza kumtoa aliyeingia ndani ya mtu, lakini huyu hakuingia ndani ya mtu, huyu amekaa kwenye kiti cha mtu, kwa jina alilopewa na mwenye haki ya kulitoa. Alilia aliposema hivyo, mzee wa watu, na Gakii ndiye aliyembembeleza.

Jumatatu alirudi kazini. Rekodi za Nyambene za wiki ile zilikuwa zimerundikana bila mtu wa kuzikagua. Alizipanga kwa tarehe mpaka akaifikia siku yake mwenyewe, akavaa hedifoni, akaongeza sauti.

Alijisikia akija kutoka mbali, yeye na wanaume watatu, matawi yakivunjika. Alijisikia akiita. Na karibu kabisa na maikrofoni, karibu kiasi cha kusikika mate yakimezwa, ile sauti ya kukwaruza ilimjibu.

"Mama, niko hapa."

Aliita tena katika rekodi, na mtoto akamjibu tena. Alizunguka mti, na nyayo ndogo zikazunguka nyuma yake. Kila alipoita alijibiwa, saa nzima, saa mbili, saa tatu, mpaka wote wawili sauti zikaisha. "Mama, mbona hunioni? Nakushika nguo." Kisha kaka yake akasema twende, dadangu, inatosha, na nyayo za watu wazima zikaondoka. Zile ndogo ziliwafuata kidogo, zikasimama.

Rodney alimwona akivua hedifoni na kuziweka juu ya meza kwa uangalifu mkubwa. Wiki hiyohiyo Gakii alikwenda ofisi ya waajiriwa akatia sahihi mkataba mwingine wa miaka mitano, akaomba kwa maandishi vituo vya Nyambene viwe vyake peke yake. Huwa anazisikiliza rekodi zote, hata zile zisizo na kitu.